Nyasi za Noeli

Nyumba ya Mhaya hupambwa kuanzia chini. Kabla maputo hayajafika kwetu Izimbya, kabla ya karatasi za kumetameta na taa ndogo za rangi zinazojaa madukani Bukoba mjini kila Desemba, sikukuu ilijulikana kwa sakafu. Ukivuka kizingiti, mguu unazama kwenye nyasi mbichi, na pua inapata habari kabla ya macho. Nyasi hizo tunaziita ebishubi. Mushonge, nyumba ya duara ya mababu iliyoezekwa mpaka chini, ilitandikwa hivyo kabla Mapadre Weupe hawajafungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na kabla wamisionari wa Bethel hawajafika Bukoba mwaka 1910. Noeli ilipokuja, ilikuta sakafu iko tayari.

Naisifu kazi hii, tena naisifu kama ufundi, maana wengi huihesabu pamoja na kufagia. Kufagia kila mtu anaweza. Kutandika kunafunzwa, na umri mzuri wa kufunzwa ni ule ambao mtoto bado anaishi karibu na sakafu kuliko meza.

Nyasi nzuri hazitoki kibanjani, kwenye migomba na mibuni. Zinatoka rweya, ile ardhi ya wazi inayotenganisha kijiji na kijiji. Mvua za vuli zikishafanya kazi yake, nyasi za rweya humfika mtoto kiunoni, naye huingia humo kwa furaha ileile aliyokuwa nayo Novemba akikimbizana na senene. Hapo ndipo penye nusu ya ufundi, yaani kuchagua. Bibi aliyenifunza alikuwa akipitisha kiganja kwenye bua kutoka chini kwenda juu. Likimchoma, analiacha. Nyasi iliyokwisha kukomaza mbegu itamchoma mtoto anayetambaa. Iliyo changa mno itasinyaa kesho yake tu. Alitaka bua laini linalopinda bila kuvunjika. Nimewaona watoto wa miaka sita wakilijua bua hilo kwa vidole, wakiwa bado wanasema na kucheka, huku sisi wakubwa tunakodoa macho.

Zikishakatwa, hazitandikwi siku hiyohiyo. Desemba kwetu ni mwezi wa mvua, na nyasi zenye maji zikilazwa ndani huvunda chini zikatoa harufu ya kinamasi. Husimamishwa kibarazani, vichwa juu, mpaka maji yaishe na ubichi ubaki.

Kisha ndipo kutandika kwenyewe, na hapa naomba msomaji aende nami polepole. Unaanza ukuta wa ndani kabisa, ukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Safu ya kwanza unailaza vichwa vikielekea ukutani na mashina yakikuelekea wewe. Safu ya pili, vichwa vyake vinafunika mashina ya kwanza. Ya tatu inafunika ya pili, hivyo hivyo mpaka kizingitini. Ukifanya sawasawa, shina halionekani popote, na mgeni anayeingia anatembea kwa mwelekeo wa nyasi, kwa hiyo mguu wake unazilaza badala ya kuzitimua. Hubaki safu moja tu yenye mashina wazi, ile ya mlangoni. Hiyo hufichwa kwa msuko: mafungu matatu ya nyasi ndefu yanasukwa kama nywele za msichana, msuko mmoja mrefu unaolazwa kukingama kizingiti. Katika nyumba yetu msuko ni kazi ya watoto. Mdogo anashikilia ncha, mkubwa anasuka. Mafungu yakilegea, wanafumua na kuanza upya, wala sijawahi kulazimika kuwaambia, kwa sababu msuko uliolegea hufumuka wenyewe mbele ya macho yao.

Ukiwauliza watoto hao kwa nini nyasi, watakujibu kuwa Mtoto Yesu alilazwa horini. Wana haki. Mwaka 1223, huko Greccio, Italia, Fransisko wa Asizi aliandaa hori lenye nyasi kavu, akaleta ng'ombe na punda wa kweli, ili watu wauone kwa macho umaskini wa kuzaliwa kule. Pango la Noeli linalojengwa kwenye kona za nyumba zetu limetoka huko. Ila Greccio walizibeba nyasi kuzipeleka kwenye pango. Kwetu pango huwekwa juu ya nyasi zilizokwisha kuijaza nyumba, na familia nzima inakaa horini. Wanyama hufinyangwa kwa udongo. Ng'ombe wa watoto wangu ana pembe ndefu kuliko mwili wake, ng'ombe wa Ankole aliye kamili, na punda, ambaye hawamwoni njiani, hutoka na ndevu za mbuzi. Simsahihishi mtu.

Najua sakafu za vigae zimeingia, na sina ugomvi na mama anayetaka sakafu ya kudekiwa. Tena nyasi zina masharti yake. Mshumaa usiwekwe karibu nazo hata kidogo. Zisikae mpaka zikavunjikavunjika na kufuga viroboto. Epifania ikipita, zitolewe. Lakini hata penye vigae kona ya pango inaweza kutandikwa, safu nne au tano, na mtoto akajifunza yote yaliyomo: kuchagua, kusubiri, kulaza, kusuka. Puto halimfunzi chochote kati ya hayo. Linapulizwa, linafungwa, kesho limenywea, na hakuna pa kulipeleka ila jalalani.

Nyasi zina pa kwenda. Zikitolewa ndani hupelekwa kibanjani na kutandazwa chini ya migomba, na hiyo nayo ni kazi ya watoto. Udongo wa rweya ni maskini. Kibanja kimenenepa kwa vizazi vingi kwa sababu watu walizibeba nyasi za rweya, pamoja na samadi ya ng'ombe, wakaulisha mgomba. Pambo la Noeli limo katika msafara huo. Mtoto aliyekata, akatandika na kulalia nyasi hizo ndiye anayeziweka kwenye shina la mgomba, na ndizi atakayokula imepita mikononi mwake.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mwanza hufika kwa basi tarehe 24 jioni, watoto wamechoka, nyumba imekwisha kutandikwa na wengine. Nawasihi: kateni tiketi ya mapema, mfike tarehe 21. Siku moja ya rweya, siku moja ya kibarazani, siku moja ya kutandika. Na watoto waje na viatu vya matope.