Haki ya Jasho: Gari la Moshi na Ardhi "Tupu" katika Maandishi ya Nakuru na Bonde la Ufa

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwezi uliotangulia, alisafiri kwa gari la moshi kutoka Mombasa kwenda bara huku ameketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya injini. Safari hiyo ndiyo inayofungua African Game Trails (1910), na sura yenyewe imepewa jina linaloifanya reli ionekane kupita katika zama za Plaistosini, yaani kabla ya historia kuanza. Roosevelt ndiye pia mwandishi wa The Winning of the West, majuzuu yaliyotoka kati ya 1889 na 1896 kusifu kusonga kwa Wazungu wa Marekani kuelekea magharibi. Haishangazi kwamba alipowaona walowezi wa Afrika Mashariki aliwafananisha na wale wa kwao. Linalostahili kuchunguzwa ni jinsi mfano huo ulivyoingia katika fasihi ya Bonde la Ufa, na jinsi ulivyobaki humo hata baada ya wenye kuusifu kuondoka.

Mpangilio wa matukio ni muhimu hapa. Sheria ya makazi ya Marekani ya mwaka 1862 iliwagawia raia ekari 160 kila mmoja, na reli ya kuvuka bara ikaunganishwa mwaka 1869 huko Utah. Leo Marx, katika The Machine in the Garden (1964), anaieleza fasihi ya nchi hiyo kwa taswira ya mashine inayovamia bustani: utulivu wa shamba unakatizwa na mlio wa injini. Taswira hiyo haiwezi kuhamishiwa Nakuru bila marekebisho. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na wapatao 2,500 walikufa. Fedha zilikuwa za serikali ya Uingereza, na ili zirudi Kamishna Charles Eliot aliwakaribisha walowezi. Kwa hiyo shamba la mlowezi ni mtoto wa gari la moshi. Mashine haikuivamia bustani; iliizaa.

Masimulizi ya walowezi yaliugeuza ukweli huo kuwa kisa cha jasho. White Man's Country (1935), wasifu wa Lord Delamere ulioandikwa na Elspeth Huxley kwa majuzuu mawili, ndio mfano mkuu. Mwaka 1903 Delamere alikodishwa ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Kisha yakaja mateso: kondoo na ng'ombe wakadhoofika na kufa, ngano ikaliwa na kutu. Akahamishia mifugo Soysambu, karibu na Elmenteita, akagharimia utafiti wa ngano inayostahimili ugonjwa, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga. Msomaji wa tendi zetu ataitambua fani hii mara moja. Shujaa hupewa majaribu, huyashinda, kisha hutuzwa. Tofauti ni kwamba tuzo ya shujaa huyu, ardhi, alikabidhiwa kabla ya majaribu kuanza, na majaribu yanasimuliwa ili kuihalalisha baadaye.

Kuna jambo moja linaloutoboa utendi huu. Mifugo ilidhoofika Njoro kwa sababu majani ya hapo yalipungukiwa na madini. Wamaasai walijua kwamba malisho hayo hayafai, wakayaepuka. Basi utupu aliouona mgeni ulikuwa dalili ya elimu: ardhi ilikuwa imekwisha kusomwa, na usomaji wa wafugaji ulikuwa sahihi kuliko wa mkulima. Kwingineko bondeni utupu ulitengenezwa kwa kalamu. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika malisho ya Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini ya reli, kwa ahadi kwamba makubaliano yangedumu muda wote wa kuwapo kwao. Mwaka 1911 waliokuwa Laikipia walihamishwa tena. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, wakiongozwa na Ole Gilisho, walishindwa.

Je, riwaya zilizokuja baadaye zimeubomoa utendi wa jasho? Jibu la haraka ni ndiyo, nalo ndilo linalotolewa na wahakiki wengi. Katika The In-Between World of Vikram Lall (2003), M. G. Vassanji anamweka msimulizi wake utotoni Nakuru mwaka 1953, mjukuu wa Mpunjabi aliyeletwa kujenga reli. Picha mashuhuri ya kuunganishwa kwa reli ya Marekani mwaka 1869 karibu haina Wachina walioijenga. Vassanji anawarudisha vibarua wa kwetu katika picha, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, hoja ya familia ya Lall ya kuwa wenyeji inasimama juu ya msingi ule ule wa Delamere: tulitaabika hapa, basi hapa ni petu. Jasho limebadilisha mwenyewe tu. Mmaasai yumo, lakini yumo kama mke wa rafiki Mhindi, mwanamke aliyegeuka kuwa wa nyumba ile. Ardhi ya watu wake haimo.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye hasalimiki. Katika Petals of Blood (1977) reli ndogo inafika Ilmorog, inakula misitu, kisha inang'olewa. Hakuna mwandishi aliyeufupisha uchumi wa kikoloni kwa ukali kama huo. Lakini babu mwanzilishi wa Ilmorog, Ndemi, anakumbukwa kwa kufyeka msitu. Itikadi ya riwaya ni kwamba ardhi ni ya anayeilima. Kauli hiyo inamvua mlowezi haki, na inampa skwota aliyemlimia. Inamwacha wapi mchungaji, ambaye hekima yake ni kuiacha ardhi ilivyo? Riwaya haiulizi, na swali hilo limemwaga damu katika Bonde la Ufa zaidi ya mara moja tangu 1991.

Peter Kimani ndiye anayekaribia zaidi kutoka katika mduara huu. Dance of the Jakaranda ilitoka mwaka 2017, mwaka ule ule treni ya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipoanza kubeba abiria, sadfa ambayo hakuna mchapishaji angeweza kuipanga. McDonald, Mwingereza aliyesimamia reli, anajenga jumba la fahari kwa ajili ya mke asiyelitaka. Jumba hilo baadaye linakuwa hoteli ambamo vijana wanacheza muziki mwaka 1963. Kejeli ya Kimani imo hapo: jasho la mwenye jumba halionekani popote, bali la wengine. Msomaji anayeijua ngome ya Lord Egerton huko Njoro hatahitaji kuelezwa zaidi. Lakini fundo la riwaya linapofunguliwa, linafunguliwa kwa siri ya ukoo, mtoto wa binti wa chifu ambaye baba yake alifichwa. Ugomvi wa ardhi unageuka ugomvi wa damu. Kwa mara ya pili, baada ya Vassanji, watu wa mahali wanaingia katika hadithi ya reli kupitia mwili wa mwanamke, na mlango huo ni mwembamba mno kupitisha malisho ya bonde zima.

Waandishi hawa wote waliandika kwa Kiingereza, ilhali lugha iliyowakutanisha karani, skwota, kibarua na bwana ilikuwa Kiswahili, hata kama ni kile cha kuvunjikavunjika kilichoitwa Kisetla. Kuna jambo ambalo mwandishi wa Kiswahili, akiamua kuishughulikia historia hii, atalisikia upesi kuliko wao. Gari la moshi lililodaiwa kupita katika nchi isiyo na historia lilisimama Naivasha, likasimama Elmenteita, Nakuru na Njoro, na kila mara jina kwenye kibao cha stesheni lilikuwa la Kimaasai.