Dari ya Nyota: Mwanga Hupotelea Mdomoni

Anayetaka kutengeneza dari ya nyota, ile yenye vitone mia tatu vinavyometameta juu ya kitanda, huanza kwa kuuliza ni nyuzi zipi zinazopitisha mwanga vizuri zaidi. Muuzaji naye humjibu kwa kuusifia mzigo wake: plastiki safi, angavu, haina doa. Wote wawili wanahangaikia mahali pasipo na tatizo. Uzi wa akriliki, ambao ndio hasa wa kazi hizi, hupoteza kama desibeli 0.2 kwa kila mita. Kwa hiyo uzi wa mita 3 humeza takriban asilimia 13 tu ya mwanga ulioingia. Hasara kubwa iko kwenye mwanga ambao haukuingia kabisa.

Hesabu yake si ngumu. Kiini cha uzi kimevikwa ganda jembamba la plastiki ya aina nyingine, na mwanga hubaki ndani kwa kuwa kila unapogonga mpaka wa ganda hilo hurudishwa. Hurudishwa, lakini kwa sharti: uwe umeingia ndani ya digrii 30 hivi kutoka mstari wa katikati. Taa ya LED ya bapa isiyo na lenzi humwaga mwanga wake kila upande mbele yake, na robo tu ndiyo inayoangukia ndani ya digrii hizo. Tena nyuzi za mviringo zikifungwa pamoja huacha mianya. Tuseme zimejaza asilimia 80 ya eneo. Ile robo imeshuka hadi 20 kwa 100. Kila ncha hurudisha asilimia 4 hivi, uzi nao unameza chake, na kinachofika darini ni kama 16. Kati ya sehemu 84 zilizopotea, 80 zimeishia mdomoni, pale uzi unapotazamana na taa. Aliyelipa zaidi apate plastiki angavu amenunua nafuu ndani ya zile 4 zilizobaki.

Na mdomo huo huundwa na kisu. Mkasi una makali mawili yanayopishana. Kabla haujakata hubana, na akriliki ni plastiki kavu, hupasuka kabla haijakatika. Itazame ncha iliyokatwa kwa mkasi kupitia kioo cha kukuzia: duara limekuwa yai, upande mmoja laini, upande wa pili una nyufa zilizotawanyika kama kioo cha mbele cha gari kilichopigwa jiwe. Kila ufa hugeuza miali, na iliyogeuzwa kupita zile digrii 30 hutoroka kupitia ganda ndani ya sentimita chache za mwanzo. Hata kwa taa yenye lenzi nzuri, ukizima taa za chumba utaona shingo ya kifungu inang'aa pembeni, na mwanga huo ulikuwa uende darini. Ndiyo maana kukata uzi mmoja mmoja upande wa taa ni kazi ya bure. Nyuzi 300 za milimita 0.75 zinaingia katika bomba fupi la alumini lenye kipenyo cha ndani cha milimita 14.5 hivi. Zifungwe humo kwa epoksi, zichomoze kidogo, zikatwe zote kwa wembe mpya au kisu cha moto, kisha zisuguliwe juu ya kipande cha kioo bapa kwa msasa wa maji, namba 600, halafu 1000, halafu 2000, mpaka uso mzima uakisi kama sarafu mpya. Asetoni isikaribie hapo, maana huyeyusha akriliki.

Wapo watakaosema yote hayo ni ya nini, si mtu anunue tu taa kubwa zaidi? Taa kubwa ina gharama isiyoandikwa kwenye boksi. Sehemu kubwa ya mwanga unaokataliwa mdomoni hugeuka joto papo hapo, na nyuzi hizi hazikusudiwi kuishi kwenye joto linalopita digrii 70 za Selsiasi. Ukiongeza nguvu bila kurekebisha mdomo, unaongeza kile kinachouharibu. Lenzi inayokusanya mwanga ndani ya digrii 30 ni fedha iliyotumika vizuri zaidi.

Pingamizi la pili ni la mtaani zaidi. Tangu mkongo wa baharini ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, vipande vya faiba ya mawasiliano vimekuwa vikibaki kila mafundi wanapopita, na hivyo ni vya bure. Lakini kiini cha uzi wa aina hiyo mara nyingi kina kipenyo cha mikromita 9, na eneo lake ni dogo kuliko la uzi wa milimita 0.75 kwa zaidi ya mara 6,000. Kwa LED ya kawaida ni sawa na kukinga mvua kwa tundu la sindano, bila kusahau vigae vya kioo visivyoonekana vinavyozama kwenye ngozi. Mshipi wa kuvulia samaki nao hauna ganda. Popote unapogusana na gundi, mwanga unavuja.

Ncha ya darini ina sheria zake, kinyume kabisa. Ncha iliyong'arishwa hutupa mwanga katika koni. Aliyelala chini yake anaiona nyota, aliyesimama mlangoni anaona kitone hafifu. Ncha yenye mikwaruzo hutawanya, na wote wawili wanaona. Rolls-Royce, ambao katika dari za magari yao mara nyingi huweka nyuzi zaidi ya 1,000, huzipachika kwa pembe na vina tofauti makusudi ili nyota zisilingane. Kwa fundi wa nyumbani, tofauti hiyo hupatikana hata dukani: uzi wa milimita 1 una eneo mara nne ya ule wa 0.5, hivyo achanganye, nyembamba nyingi na nene chache.

Kwa nyota 300 zenye wastani wa mita 3 zinahitajika mita 900, na ziongezwe sentimita 30 kwa kila uzi, kwa sababu mdomo wa taa ukiharibika hukatwa upya na kusuguliwa tena. Ukutani na darini uzi upinde taratibu; ukivunjika kidogo huacha doa jeupe, na nyota hiyo imekwisha. Upande wa chini ziachwe zikining'inia sentimita tatu wakati rangi inapakwa, kisha zikatwe moja moja kwa kikata kucha.