Tisheti za 16 Juni: nani anazisoma?

Ndugu zangu wa chama, wiki mbili zilizopita nilikuwa shambani na kikundi cha wamama, tunapima nafasi kati ya mistari ya maharagwe. Mama mmoja alivaa tisheti ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Zamani ilikuwa nyeupe, sasa iko rangi ya udongo. Mgongoni kuna sentensi ndefu ya Kifaransa juu ya kulinda mtoto na kulinda kesho, na chini yake logo nne. Akaniuliza: "Agronomu, hii tisheti yangu inasema nini?" Aliivaa mwaka mzima.

Nikamtafsiria. Akacheka, akasema ni maneno mazuri. Tulipoendelea kuongea nikajua kwamba mtoto wake wa mwisho, karibu miaka miwili, hana cheti cha kuzaliwa. Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto, ile ya tarehe 10 Januari 2009, inasema mtoto aandikishwe kwenye etasivili ndani ya siku 90, na bila malipo. Hakuna aliyemwambia. Sasa muda umepita, njia iliyobaki ni kutafuta hukumu ya tribinali, na mnajua vile karatasi kwetu hazitembei bila kusukumwa.

Njo maana nataka tuhukumu hivi vitu kama tunavyohukumu kitabu. Tisheti, kikwembe cha sikukuu, kalenda, kofia: haya pia ni maandishi. Tena yanasomwa na watu wengi kuliko kitabu chochote, maana yanatembea sokoni, yanaingia kanisani, yanalima.

Kwanza lugha. Tunasherehekea 16 Juni kwa sababu ya Soweto, mwaka 1976. Wanafunzi walitoka barabarani kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, lugha ambayo serikali ya ubaguzi iliwalazimisha, na polisi wakawapiga risasi. Umoja wa nchi za Afrika ukaifanya siku hiyo kuwa ya watoto wa bara zima, ikaanza kuadhimishwa 1991. Sasa sisi, kukumbuka watoto waliokufa kwa ajili ya lugha ya darasani, tunachapisha lugha ambayo mama aliyeivaa hawezi kusoma. Sisemi Kifaransa ni adui, mimi mwenyewe nilisoma licence yangu yote ndani yake. Nasema tisheti ile haikuandikwa kwa ajili ya aliyeivaa. Iliandikwa kwa ajili ya picha ya ripoti.

Sasa kitabu. Rafiki wa promo aliniazima Child Soldier, cha Jessica Dee Humphreys na Michel Chikwanine, chenye michoro ya Claudia Dávila, kilichotoka 2015 kwa Kids Can Press ya Toronto. Ni hadithi ya kweli ya Chikwanine, mtoto wa Beni, aliyechukuliwa na waasi mwaka 1993 akiwa na miaka mitano, wakati anacheza mpira na wenzake. Niliogopa kukisoma. Tumezoea hadithi za kadogo ambamo mtoto ni bunduki tu yenye miguu miwili. Hapa siyo hivyo. Kabla ya waasi kuna nyumba, kuna baba mtetezi wa haki za watu, kuna mtoto anayependa mpira kuliko kusikiliza wakubwa. Na baada ya kutoroka, hadithi haiishi. Inaonyesha kwamba kurudi nyumbani si sawa na kupona. Hiyo sehemu ya kurudi ndiyo nguvu ya kitabu, na ndiyo sehemu ambayo tisheti zetu zote zinaruka.

Lakini nina neno nacho. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto kinayemwongelesha yuko mbali. Huyo anafundishwa kwamba sisi tupo na tumeumia. Ni vizuri ajue. Ila mtoto wa Beni leo anahitaji kitu kingine: ajue kwamba mtu akimwingiza jeshini, kifungu cha 187 cha sheria ya 2009 kinampa mtu huyo kifungo cha miaka 10 hadi 20, na kwamba kwetu utoto unaishia miaka 18. Mahakama ya The Hague ilipomhukumu Thomas Lubanga mwaka 2012 kwa mambo ya Ituri, kosa lilihesabiwa kwa watoto walio chini ya miaka 15. Sheria yetu inalinda zaidi kuliko ile ya The Hague! Ni wangapi kati yetu wanajua? Mimi nilijua nikiwa nimeshamaliza chuo.

Rafiki mmoja wa kamati aliniambia: "Acha kelele, tisheti si tribinali, na ule mama alipata nguo ya bure." Ana haki kwa hiyo ya nguo. Lakini kwenye kazi yetu tunajua ugonjwa huu: mradi unahesabu mifuko ya mbegu iliyogawiwa, hakuna anayerudi kuangalia ngapi zimeota. Tisheti 500 zimegawiwa, ripoti imefungwa.

Na tusijifiche nyuma ya ma-ONG. Tisheti ya chama chetu, ile ya mwaka juzi, ilikuwa na logo kubwa kama sahani na maneno madogo kama mchwa. Kwa Kifaransa. Nilikuwa kwenye kikao kilichoikubali, nikanyamaza.

Kamati inaomba mapendekezo ya maandishi ya mwaka huu. Yangu ni haya: "Mtoto amezaliwa? Umuandikishe ndani ya siku 90. Ni bure." Mgongoni, herufi kubwa, logo iende kwenye mkono. Kabla ya kulipa mchapaji, tuipeleke sokoni siku ya soko, wamama watatu watusomee kwa sauti. Wakikwama kwenye neno, neno hilo litoke. Nimeshamuuliza yule wa maharagwe kama atakubali kuwa wa kwanza. Amekubali, lakini ameomba twende naye kwanza tribinali.