Vigae vya Karafuu, Vikisomewa Makindu

Nilimaliza kitabu cha Sarah Croucher nikiwa Makindu, mahali ambapo karafuu utaipata kwenye pilau tu. Capitalism and Cloves (2015) kinatokana na utafiti wa akiolojia katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Mwaka 2003 timu yake ilizunguka ikitafuta mabaki, baadaye wakachimba Mgoli, Pemba. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897; waliotumikishwa hawako tena wa kuhojiwa. Vigae viko.

Na vigae anavijua. Kipande cha chungu cha kienyeji, kipande cha sahani ya Ulaya: kutoka hapo anauliza nani alipika, nani alikula na nani, suria aliishi vipi kwa bwana wake. Hapo kitabu kina uhai. Pia anakataa ile hadithi rahisi kwamba ubepari ni mali ya Mzungu peke yake. Wenye mashamba wengi walikuwa Waarabu wa Omani, na walitaka faida na wafuasi kwa pamoja. (Sura za nadharia ni ndefu, aki. Ruka ukichoka, hakuna atakayekushika.)

Shida yangu ni makaburi. Hiki ni kitabu cha nyumba kuliko cha makaburi. Tajiri akizikwa huwekewa mawe; mtumwa akifukiwa kwenye udongo mtupu, mvua chache tu na tuta limekuwa sawa na shamba.

Nikawaza mkonge. Kule Kibwezi, jirani zetu, shamba la Dwa lina mkonge tangu ukoloni. Wafanyakazi wa mashamba kama hayo hawakuwa watumwa, walilipwa, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini maswali ya Croucher yanafaa kwao pia: kwenye laini walipikia nini? Waliofia mbali na kwao walilazwa wapi? Hata reli inayopita hapa iliua vibarua wa Kihindi karibu 2,500, na maiti iliyochomwa haiachi kaburi la kuchimbua. Ukitaka kumbukumbu yao Makindu, nenda hekalu la Masingasinga la 1926, ule chapati ya bure kama msafiri mwingine yeyote.

Kitabu cha mkonge ningekinunua kesho. Mwandishi wake asianze na sururu. Aanze na wazee waliokata mkonge, maana hao bado wako, na wengine wanapenda sana kuongea.