Feza ya ufundi iko, lakini inaishia ku ukuta



Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, mtaa mzima unajaa pudre nyeupe. Mama anaimba, jirani anapiga sufuria, mtoto amepata diploma ya Leta. Mimi pia napenda ile siku. Lakini kuko ulizo moja lenye hakuna mtu anauliza ndani ya ile furaha: amesoma opsio gani, na ni nani alilipa? Zunguka mu Katuba, mu Kenya ao mu Ruashi, uulize wale wenye pudre kichwani. Wengi watakujibu pedagojia ao komersiali. Elektrisite, elektroniki, mekaniki, hao utawahesabu ku vidole. Si kwamba hawapendi. Pedagojia inahitaji kaye na biki. Elektrisite inahitaji waya, multimeta, overoli, feza ya atelie, na siku zingine mafuta ya jenereta juu umeme wa SNEL umekatika. Mama mwenye kuuza nyanya ku soko anafanya hesabu yake haraka sana, na mtoto anakwenda kusoma ile yenye anaweza kulipa.

Njo sababu naandika leo juu ya ruzuku ya Leta kwa masomo ya ufundi na informatiki. Mazungumzo yetu juu ya jambo hili yamekuwa mavivu. Mmoja anasema "Leta haina makuta", mwingine anaitika "ni Congo yetu", kisha tunarudi ku mpira. Mimi sikubali ile sentensi ya kwanza. Feza iko. Ulizo ni namna gani inakusanywa, inaingia wapi, na inasimama wapi.

Tuanze na ile yenye tunajua wote. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni bure ku shule za Leta. Ilichukua miaka 13, mpaka Septemba 2019, kuona ile bure inaanza kufanya kazi. Sitaisema vibaya, watoto wengi wameingia darasani kupitia ule mlango. Lakini bure inaishia ku msingi. Mtoto akifika ku sekondari ya ufundi, minervali inarudi, tena na ndugu zake wote. Kwa hiyo tumefungua mlango wa chini bila kuweka ngazi ya kupanda juu. Wazee waliosoma wakati wa UNAZA, kati ya 1971 na 1981, wanatuambia kwamba mwanafunzi wa iniversite alikuwa anapokea burse na anabakiza kitu cha kutumia wazazi kijijini. Tunawasikiliza kama watu wanasimulia hadisi.

Sasa tuingie ku mifuko yenyewe.

Mfuko wa kwanza ni INPP. Iko tangu 29 Juni 1964, na haiishi kwa sadaka. Kila mwajiri anapaswa kulipa mchango kulingana na mishahara yenye anatoa. Sasa soma vizuri viwango, juu ni kinyume cha vile kichwa chako kinafikiri. Mwenye wafanyakazi 1 mpaka 50 analipa asilimia 3. Mwenye 51 mpaka 300 analipa asilimia 2. Mwenye kupita 300 analipa asilimia 1. Ndiyo, nimesema vizuri. Kijana mwenye kufungua sibere ya fotokopi mu Kamalondo na wafanyakazi wanne, ku kila dola 100 za mshahara anapaswa kutoa dola 3. Kampani ya migodi yenye wafanyakazi elfu tatu inatoa dola 1.

Najua jibu lenye hutolewa: kampani kubwa ziko na vituo vyao vya kufundisha, basi zisilipe mara mbili. Wakati wa Union Minière, na kisha Gécamines, jibu hili lilikuwa na uzito. Ile kampani ilikuwa na shule zake, hospitali zake, atelie zake. Mtoto wa mfanyakazi alikuwa anaweza kukamata ufundi bila kutoka mu kambi. Lakini ile dunia iliisha. Leo kampani kubwa inapatia kampani ndogo sehemu kubwa ya kazi zake: kulinda, kubeba, kuchomea, kutengeneza mashini. Wafanyakazi wanahesabiwa kule ku kampani ndogo, na ile ndogo njo inalipa asilimia 3, bila kuwa hata na meza moja ya kufundishia. Kanuni iliyotengenezwa kwa dunia moja inaendelea kukamata feza mu dunia ingine. Mimi naona hapa pa kwanza pa kushika: geuza ile ngazi, ao angalau uinyooshe. Kampani kubwa yenye inafundisha kweli ionyeshe karatasi, ni wangapi imefundisha na ufundi gani, njo ipunguziwe. Yenye haionyeshi, ilipe kama wengine.

Sisemi INPP ni bure tu. Nimeona vijana wamepita pale miezi sita, wakatoka na kuchomea chuma mikononi, na leo wanakula jasho yao. Japani imesaidia kujenga na kuweka mashini Kinshasa na hapa Lubumbashi, na ukiingia unaona tofauti. Shida yangu ni nyingine. INPP ni kituo, si mfuko wenye kugawa feza ku shule. Mtoto wa miaka 15 anayesoma elektrisite ku shule ya Leta, upande wa pili wa mji, hapati hata skurubu moja kutoka ku ule mchango. Wizara ya elimu iko na shule zake, wizara ya mafunzo ya kazi iko na vituo vyake, wizara ya vyuo vikuu iko na enstituti zake. Watoto ni wale wale, mji ni ule ule, mifuko ni mitatu, na milango haifunguki kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Mfuko wa pili uko chini ya miguu yetu. Sheria ya migodi, vile ilibadilishwa Machi 2018, inagawa malipo ya madini hivi: asilimia 50 Kinshasa, 25 ku jimbo, 15 ku mji ao sheferi mahali mgodi uko, 10 ku mfuko wa vizazi vijavyo. Tena, mbali na hayo, kampani inapaswa kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa miradi ya watu wanaoishi karibu na mgodi. Watu wanacheka wakisikia 0,3. Wasicheke. Kampani ikiuza ya dola milioni 500 kwa mwaka, ile sifuri nukta tatu ni dola milioni 1 na nusu. Na hii haipandi ndege kwenda Kinshasa. Inasimamiwa hapa hapa, na wajumbe wa kampani pamoja na wajumbe wa wakaaji.

Basi tembea ile barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, uangalie feza ya aina hii inakuwa nini. Madarasa. Ukuta mzuri, rangi mpya, mabati yanang'aa, plaki yenye jina la kampani. Sipingi madarasa, watoto hawawezi kusoma chini ya muembe. Lakini ukuta uko na faida moja kubwa kwa mwenye kutoa: unapigwa picha. Kuko utepe wa kukata. Hakuna mtu anakata utepe juu ya mshahara wa mwalimu wa atelie, ao juu ya sanduku la vipuri, ao juu ya mtu wa kutengeneza ordinatere. Kwa hiyo ule ufundi wenyewe, ambao ni mikono ya mwalimu na chuma chenye kuharibika kila siku, haupati mtoaji.

Nilisoma sekondari ku shule moja ya ufundi, jina nabakiza. Tulikuwa mwaka wa nne wakati ordinatere kumi na mbili zilifika, mpya, bado ndani ya katoni. Picha ilipigwa. Kisha prefe akazifungia ndani ya biro yake, juu "batoto batavunja". Zilikaa mule miaka miwili. Siye tulijifunza Word ku ubao. Mwalimu alichora kidirisha na chaki, akaandika "Fichier", "Édition", "Affichage", na sisi tukakopia mu kaye. Nilipata 16 ku 20 bila kugusa kibodi. Watu wakisikia hadisi hii wanamcheka prefe, lakini mimi nikifikiri sana simcheki. Yule aliyetoa zile mashini hakutoa franka moja ya kuzitengeneza. Kama moja ingeungua, ni yeye angeulizwa. Alifanya kile mtu mwenye akili anafanya akipewa kitu chenye hawezi kulipa kikiharibika: alikifunga.

Hapo njo nakataa namna tunahesabu ruzuku. Tunahesabu vitu vilivyofika. Hatuhesabu masaa yenye mwanafunzi aliweka mikono. Hata miradi mikubwa iko na ugonjwa huu kidogo. 2015 Benki ya Dunia ilikubali ruzuku ya dola milioni 200 kwa mradi wa sekondari na vyuo vikuu, ule uliitwa PEQPESU, na masomo ya ufundi yalikuwa ndani. Mradi kama ule unaleta vitu ambavyo bajeti yetu haingenunua. Lakini mradi unazaliwa na tarehe yake ya kufa. Siku ile inafika, nani analipa intaneti ya mwezi unaofuata? Kama jibu haliko mu bajeti ya Leta, basi hatukupewa kitu, tulikopeshwa miaka mitano.

Hiyo haimaanishi kwamba kufundisha ufundi vizuri hakuwezekani hapa. Wasalesiani walifika Katanga 1911, na watu wote wa Lubumbashi wanajua Institut Technique Salama na Cité des Jeunes. Siri yao si uchawi: atelie inafunguliwa kila siku, na chuma kikiharibika kuko mtu ambaye kazi yake ni kukitengeneza. Fasi tu njo hazitoshi kwa mji mkubwa hivi.

Kuko pia kitu kimoja cha kuiba ku Marekani, na si feza yao. Sheria yao ya Perkins, ile ya 2018, inapeleka ku majimbo zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka kwa masomo ya ufundi na kazi, informatiki ndani. Nambari hii tuiache, inatuumiza bure. Ninachopenda ni masharti. Kila miaka miwili wenye kupokea wanapaswa kukaa chini na waajiri, walimu na wazazi, na kuangalia ni ufundi gani unahitajiwa fasi ile. Wanatoa hesabu ya wanafunzi waliofika mwisho. Na ile feza hairuhusiwi kuchukua fasi ya feza yenye jimbo lilikuwa linatoa tayari. Sharti hili la mwisho, kwetu, lingeharibia watu wengi usingizi.

Juu ya nini nalifanya jambo hili kubwa? Angalia sheria ya 8 Februari 2017. Inasema kazi ambazo kampani kubwa inapatia kampani zingine ni za kampani zenye mtaji wa Wacongo. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini ingia ndani ya fabrika ya shaba ya leo. Pampu, mikaba ya kubeba mawe, mapipa ya asidi, vyote vinaongozwa na otomate na ordinatere. Sheria inaweza kusema kampani iwe ya Mcongo, haiwezi kusema ajue kuprogramu otomate. Kama hatufundishi, tutakuwa na kampani yenye jina la ndugu yetu ku karatasi, na fundi mwenye kushika mashini akitoka mbali, na mtoto wa Kolwezi akikaa ku geti na kofia ya ulinzi. Sheria itakuwa imefuatwa kabisa.

Na sisi wenyewe, wenye lisansi, tuko ndani ya shida hii. Tunajua vizuri ile heshima ya A0 na ile dharau ya A2. Mzazi akiuza kiwanja, ni kwa ajili ya mtoto aitwe "lisansie", si kwa ajili ya A2 mwenye kujua kutengeneza mota. Wakubwa wanaona mahali heshima yetu inaelekea, na bajeti inafuata kule. Niko na rafiki wa lisansi ya informatiki ya usimamizi anayeuza unite ku kona, na jirani yake wa A2 elektrisite anakataa kazi juu ziko nyingi. Bado ku ndoa, ni ule wa kwanza anakaa mbele.

Kitu kimoja kinawezekana kuanzia sasa, bila kungojea Kinshasa. Kila kampani ya migodi inapaswa kuwa na kaye ya majukumu yenye imesainiwa na wakaaji, na mule njo miradi inaandikwa. Vijana wenye diploma wanaishi ku zile sheferi, ni wadogo zetu na mabinamu zetu, na mara nyingi ni wao tu wanaweza kuisoma kwa Kifaransa chake kigumu. Ikija siku ya kuiandika tena, ndani ya kila mradi wa shule tudai mistari mitatu: mshahara wa nyongeza wa mwalimu wa atelie, feza ya kutengeneza mashini kwa miaka yote ya kaye, na hesabu ya fasi za staji zenye kampani itatoa kwa wanafunzi wa pale, wasichana ndani.

Ule mwenye yuko na kaye ya kampani ya kwao, anitumie. Nataka kuhesabu ni kuta ngapi na staji ngapi.