Fundi wa Miswada wa Springfield

Barack Obama anakumbukwa zaidi kwa hotuba zake. Afrika Mashariki tunamkumbuka pia kwa ile Novemba ya 2008, Rais Mwai Kibaki alipotangaza siku ya mapumziko ili Kenya nzima isherehekee ushindi wa mtoto wa Mjaluo wa Kogelo. Lakini kabla ya Ikulu ya Marekani kulikuwa na Springfield, mji mkuu wa jimbo la Illinois, alikofanya kazi kwa karibu miaka minane akiwa seneta wa jimbo. Hiyo ni kazi ambayo hata Wamarekani wengi hawaifuatilii. Haina umati wa kushangilia. Ina kamati, vifungu, marekebisho, na vikao vinavyokwenda hadi usiku mbele ya viti vitupu vya wageni. Huko ndiko alikotengeneza kitu ambacho mimi nakihusudu kuliko hotuba zake zote: sheria ya mwaka 2003 inayowalazimu polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji.

Kwanza tuione karakana yenyewe. Bunge la Illinois lina Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 118 na Seneti yenye wajumbe 59. Katika Seneti, mswada haupiti kwa wingi wa waliohudhuria siku hiyo. Unataka kura 30, yaani zaidi ya nusu ya wajumbe wote, wawe wamo ukumbini au wamejiendea zao. Kwa hiyo seneta aliyechelewa kurudi kutoka chakula cha mchana amekupinga bila kufungua mdomo. Ukitaka sheria, huna budi kuhesabu vichwa mapema, ujue nani yumo, nani anasitasita, na nani atahitaji kufuatwa ofisini kwake kabla kengele haijalia.

Obama aliapishwa Januari 1997, chama chake cha Democratic kikiwa upande wa wachache. Rais wa Seneti alikuwa Pate Philip wa Republican, na miswada ya wachache ilikuwa ikizikwa katika Kamati ya Kanuni bila hata kujadiliwa. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kupendwa upesi. Alikuwa msomi wa Harvard, mhadhiri wa sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwepesi wa kueleza na mzito wa kunyamaza. Wenzake, wengine wakiwa wakulima na wafanyabiashara wa miji midogo, walimwona anajisikia. Akaamua kuwafuata walipo. Akajifunza gofu. Akawa hakosi kwenye meza ya karata nyumbani kwa Seneta Terry Link, walikokutana nyakati za vikao watu wa vyama vyote viwili pamoja na washawishi wa makampuni. Dau lilikuwa dogo. Waliocheza naye wanasimulia kwamba alikuwa mwangalifu: akiona karata zake mbovu, huzitupa mapema na kusubiri mkono mwingine.

Subira hiyo ilianza kuzaa mwaka 1998. Emil Jones, kiongozi wa wachache katika Seneti, alimkabidhi mswada wa maadili ambao wengi hawakutaka kuugusa. Wakati huo Illinois ilimruhusu mwanasiasa kutumia fedha za kampeni kwa mambo yake binafsi, na zawadi kutoka kwa washawishi zilikuwa jambo la kawaida. Obama alishirikiana na Warepublican, akiwamo Kirk Dillard, wakapiga marufuku sehemu kubwa ya zawadi hizo na kufunga mlango wa matumizi binafsi. Ila waliacha dirisha: waliokuwa tayari wamejikusanyia fedha waliruhusiwa kubaki nazo. Mpenda haki atanuna akisoma kifungu hicho. Lakini ndicho kilichowafanya wajumbe waliopo wakubali kuufunga mlango kwa watakaokuja baada yao. Mkono mtupu haulambwi, na Obama alikuwa amejifunza kuuliza mapema ni nini cha kuweka mkononi.

Mwaka 2000 alijaribu kumng'oa mbunge Bobby Rush katika Congress, bunge la taifa, akaangushwa kura mbili kwa moja ndani ya chama chake mwenyewe. Alirudi Springfield kwenye kiti kilekile na kuendelea na kazi. Novemba 2002 upepo ukageuka: Democratic ikapata wingi katika Seneti, Emil Jones akawa Rais wake, na miswada iliyokuwa ikifia kwenye kamati sasa ikapata njia.

Hapo ndipo lilipokuja suala la polisi na vyumba vya mahojiano. Tangu Illinois irudishe adhabu ya kifo mwaka 1977, ilikuwa imewaua kwa sindano ya sumu watu 12. Katika kipindi hichohicho watu 13 waliohukumiwa kufa walikuja kuonekana hawakustahili hukumu hiyo, wakaachiwa. Gavana George Ryan, Mrepublican aliyekuwa muumini wa adhabu hiyo, alisimamisha utekelezaji wake Januari 2000 na kuunda tume. Tume ikaleta mapendekezo 85 mwaka 2002, na miongoni mwake lilikuwamo la kurekodi mahojiano yote ya kesi za mauaji. Sababu ilijulikana na kila mtu wa upande wa kusini wa Chicago. Kamanda wa polisi Jon Burge na vijana wake walikuwa wamewatesa washukiwa weusi kwa miaka mingi hadi wakakiri. Burge alifukuzwa kazi mwaka 1993, lakini maungamo yaliyopatikana chini yake yaliendelea kuwaweka watu gerezani.

Obama alipolibeba pendekezo la kurekodi kama mswada, waliopinga hawakuwa wachache. Polisi walisema mshukiwa akiona mashine ya kurekodi atafunga mdomo. Waendesha mashtaka walihofia kwamba muuaji ataachiwa kwa sababu betri iliisha. Gavana mpya Rod Blagojevich, wa chama cha Obama mwenyewe, naye alianza kwa kuupinga. Mjumbe anayetafuta sifa angeita waandishi wa habari, akawataja maafisa wabaya kwa majina, akashindwa kwa heshima na kwenda nyumbani akiwa shujaa. Obama aliwaalika wapinzani wakae mezani. Akawaambia kwamba rekodi itamlinda askari mwadilifu dhidi ya madai ya uongo, na itamfunga mwenye hatia upesi zaidi, kwa kuwa wakili hataweza kudai kwamba mteja wake alipigwa. Aliwasaidia polisi kupitisha miswada mingine waliyoihitaji. Hata hivyo, walipopendekeza warekodi ungamo peke yake, mwisho wa mahojiano, alikataa katakata. Alijua kipigo hakitokei mtu anapokiri. Kinatokea kabla. Ukirekodi dakika kumi za mwisho, utapata picha ya mtu mtulivu anayesema maneno aliyofundishwa.

Hapo pana somo zima la ufundi huu. Kila mswada una kiini na una nyama ya pembeni, na asiyejua kuvitofautisha ama atagoma na kukosa vyote, ama atalegeza na kubaki na karatasi. Kiini kilikuwa mahojiano kurekodiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mengine yote yangeweza kuzungumzwa, na yalizungumzwa.

Isome sheria yenyewe uone mkono wa fundi. Haikulazimisha video, sauti peke yake inatosha, jambo lililowafaa polisi wa wilaya zisizo na fedha. Haikusema kwamba ungamo lisilorekodiwa litupwe moja kwa moja. Ilisema litahesabiwa kuwa halikubaliki mahakamani, isipokuwa upande wa mashtaka uthibitishe kwamba lilitolewa kwa hiari na linaaminika. Mzigo umehamishwa kutoka bega la mshukiwa kwenda bega la serikali, lakini bila kumfungia hakimu macho. Kisha zinafuata hali za msamaha: pale isipowezekana kurekodi, mshukiwa anaporopoka mwenyewe bila kuulizwa, anapojibu maswali ya kawaida ya kuandikishwa kituoni, au anapokataa kurekodiwa, mradi kukataa kwake kwenyewe kurekodiwe. Kila msamaha ni jibu la hofu fulani iliyotajwa na mtu fulani mezani. Obama alifanya kama mshonaji anayeacha akiba ya kitambaa kwenye pindo: nguo inamkaa mwenyewe leo, na kesho inaweza kupanuliwa bila kuchanika. Na kweli ilipanuliwa. Miaka kumi baadaye Illinois iliongeza makosa mengine makubwa katika orodha ya kurekodiwa.

Siku ya kura, hakuna hata seneta mmoja aliyesema hapana. Blagojevich akageuka na kutia saini Julai 2003, na vyombo vya dola vikapewa miaka miwili ya kununua vifaa na kufunza watu kabla sheria haijaanza kuuma. Alaska na Minnesota zilikuwa zinarekodi kabla ya hapo, lakini kwa amri ya mahakama. Illinois ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufanya hivyo kwa sheria iliyotungwa na wajumbe wake. Na mwaka 2011 jimbo hilo likaifuta kabisa adhabu ya kifo.

Haki itendeke hata katika sifa. Emil Jones, mzee wa siasa za Chicago aliyewahi kuwa mkaguzi wa mifereji ya maji taka, alikuwa ameamua kumpandisha Obama hadi Seneti ya Marekani, na mwaka huo wa 2003 alimpa miswada mizito mmoja baada ya mwingine. Baadhi ya maseneta waliokuwa wameihangaikia kwa miaka walinung'unika, na walikuwa na sababu. Bila mlezi kama huyo, stadi zote za Obama zingebaki kwenye Kamati ya Kanuni. Lakini mlezi hugawa mswada. Hagawi uwezo wa kukaa na polisi, mwendesha mashtaka na mtetezi wa wafungwa katika chumba kimoja mpaka wote watatu watoke na maandishi wanayoweza kuishi nayo. Kazi hiyo ilikuwa ya Obama mwenyewe.

Kenya ina mabunge ya kaunti 47 tangu mwaka 2013. Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi. Kote huko wamo watu wanaolipwa kutunga sheria, na kote huko tumezoea kuwapima kwa mabati ya shule, mifuko ya saruji na sauti kubwa jukwaani. Basi mjumbe wako akija tena kuomba kura, msikilize amalize, kisha mwulize maswali matatu. Ni mswada gani aliouandika? Ni mpinzani gani aliyemshawishi? Na walipokaa kupatana, ni kifungu gani alichokataa kukitoa? Akiweza kujibu la tatu, mpe kura yako.