Kuunga Mboga: Unga au Kiungo? Maana na Asili ya Kitenzi cha Jikoni Mpanda

Katika majiko ya Mpanda, mkoani Katavi, kisamvu kilichochemshwa kwa maji na chumvi tu ni chukuchuku. Kikitiwa karanga zilizotwangwa, husemwa kimeungwa. Kwa kuwa karanga hizo huingia chunguni zikiwa unga, ni rahisi kudhani kwamba kitenzi kuunga kimetokana na nomino unga. Makala haya yanapinga dhana hiyo.

Kwanza, maumbo ya maneno haya yanatofautiana. Sauti u katika nomino unga ni kiambishi cha ngeli. Kibemba, kinachozungumzwa kaskazini mwa Zambia, husema ubunga, na ubu- yake inalingana na u- ya Kiswahili. Katika kitenzi, kinyume chake, u ni sehemu ya mzizi -ung-, unaozaa -ungwa, -ungia na -unganisha.

Pili, Kiswahili kilidondosha l ya kale baina ya irabu, sauti ambayo katika Kishona imekuwa r. Penye nzara na -kuru za Kishona, Kiswahili kina njaa na -kuu. Kwa kanuni hiyohiyo, kurunga ya Kishona, yaani kukoleza chakula, inalingana na kuunga. Maneno mawili yenye asili mbalimbali yamekutana katika umbo moja.

Tatu, karanga ni zao la Amerika ya Kusini, lililofika Afrika baada ya safari za Wareno. Kitenzi kinachopatikana kwa Waswahili na Washona hakikuhitaji kulisubiri. Wala nazi ya pwani si kiini cha maana yake. Kiini ni kuunganisha: kiungo cha mwili hushika mifupa miwili, na kiungo cha mchuzi hushikanisha ladha zilizokuwa mbalimbali.

Suala hili lina uzito kwa watunga kamusi. Fasili inayoanzia kwenye nazi humfanya mpishi wa Mpanda aonekane ameazima kitenzi cha pwani. Inayoanzia kwenye unga humtenga mpishi wa Lamu anayeunga kwa tui. Inafaa unga na -unga vibaki vidahizo viwili, na fasili ya kitenzi ielezwe kwa tendo, huku karanga, tui na mafuta vikitajwa kwa hadhi sawa. Hapo ndipo kamusi itakapokuwa ya wazungumzaji wote.